Mlima Uliomchuchumalia Fundi

Saa moja na nusu asubuhi Severini alipanga baiskeli kumi na moja ukutani mwa ofisi ya kampuni, mtaa wa Kashaulili mjini Mpanda, akaminya matairi moja moja kwa kidole gumba. Mawili yalikuwa laini. Akamwita Hilari fundi, aliyekuwa kando akila chapati kwa chai, na Hilari akaacha chai yake akaja na pampu. Wageni walikuwa saba: walimu wanne wa Dar es Salaam waliokuwa likizo, na Wazungu watatu waliojipaka losheni mpaka masikioni. Gari likawabeba hadi Sibwesa. Kutoka hapo wakaendesha wenyewe kilomita kumi na nne, wakipita mashamba ya mahindi na ng'ombe wa Wasukuma, mpaka Mto Kasimbwe.

Mto huo ni mpaka wa siku nyingi. Zamani ulitenga nchi za watemi wawili, na misafara ya wapagazi ilisimama pale kutoa hongo ya nguo na shanga kabla ya kuvushwa. Siku hizi huku ni kijiji na ng'ambo ni hifadhi. Katikati pana daraja la mbao, na darajani pana askari mwenye daftari. Ukishavuka unakutana na Mlima Kasolwa, ambao wageni huupanda kwa miguu, saa tatu kwenda na saa mbili kurudi.

Severini alikuwa ameufanya ule mzunguko kwa miaka tisa. Alikuwa na cheti na leseni ya kuongoza wageni, na alijua ndege mia mbili na kumi na mbili kwa majina. Chini ya mlima alisimama juu ya jiwe lilelile la kila safari akawaeleza wageni habari za watemi na misafara, kisha akamalizia kwamba mlimani hapajawahi kukaa mtu, ni pori tangu dunia iumbwe. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ya kampuni, naye aliikariri kama Baba Yetu.

Siku hiyo ilikuwa mara ya kwanza Hilari kuvuka, kwa sababu mwalimu mmoja mnyororo wake ulikuwa unatokatoka. Aliposhuka darajani, mawe ya mlima yaligongana mara tatu, yakanyamaza, yakagongana tena mara tatu. Kisha mlima ukachuchumaa. Ulishusha mabega, miti ikashuka nao, nyani wakashuka wakiwa matawini wanatafuna, na kilele kikaja kusimama usawa wa paa la kanisa. Hilari naye akachuchumaa, akapiga makofi ya viganja kama watu wa kule wanavyoitikiana salamu, akainuka, akauliza spana namba kumi na tano iko wapi.

Askari aliangalia saa yake na kuandika daftarini: Mlima umeshuka, saa 4:20.

Wageni waliupanda kwa dakika arobaini. Mwalimu mmoja, Prisila, alisema alikuwa ameambiwa ni mgumu, kumbe watu wanapenda kutisha wenzao. Jioni, Hilari alipokuwa ameshavuka kurudi, mlima ulijinyoosha ukarudi ulivyokuwa. Kwa adabu ya kule, aliyechuchumaa hainuki mpaka anayesalimiwa apite.

Severini hakulala vizuri. Miaka tisa amepanda mlima ule magoti yakimlia, amewaletea wageni, amewasifia miti yake mmoja mmoja, na mlima haujawahi hata kumpukutishia vumbi. Leo amekuja mtu wa mafuta ya mnyororo, hana cheti, hajui ndege, kwezi wala korongo, umemshukia. Alimwonea kijicho.

Kwanza alidhani ni baiskeli. Safari iliyofuata akabadilishana na Hilari, akapanda ile kuukuu ya fundi akaanza kuvuka yeye. Mlima ulibaki wima hadi Hilari alipotokea nyuma, ndipo ukachuchumaa. Akadhani ni kofia, akaazima kofia. Mwisho akamwacha Hilari Mpanda akisingizia kuna breki za kufunga, na siku hiyo mlima ulisimama kama kawaida yake, wengine wakasema umezidi mita kadhaa. Wageni walikuwa wameshaona picha za wenzao. Walinung'unika njia nzima.

"Kwani wewe ukichuchumaliwa na mlima unapata nini?" mkewe Aneth alimuuliza, huku akichambua mchele. "Si uuache tu, jamani."

Severini alitaka tu. Jumapili baada ya misa alipitia makaburini kwa baba yake, akaangalia huku na huku, akachuchumaa, akapiga makofi matatu. Majani hayakutikisika. Mbuzi mmoja aliinua kichwa akamtazama, akaendelea kula.

Ndipo akakata shauri kumuuliza fundi mwenyewe, akamkuta anaziba pancha.

"Aa, kiongozi, si ndugu zangu tu wale," Hilari alisema. "Bibi amelala kule, babu amelala kule, na baba zangu wadogo. Mama alizaliwa kule juu. Walipohamishwa kupisha hifadhi alikuwa na miaka saba, nyumba zikachomwa wanaziona. Sasa hao waliolala chini wakichuchumaa kutusalimia, mlima utafanyaje? Unashuka nao."

Severini aliikumbuka karatasi ya kampuni, na kilichomuuma si karatasi. Kilichomuuma ni kwamba watu waliofukuzwa, wakafa, wakasahauliwa, bado walikuwa na mtu wa kumsalimia, na mtu huyo hakuwa yeye.

"Halafu kaka, nina ombi," Hilari aliendelea. "Mama anataka apelekwe mara moja tu. Kifua kinambana, hana siku nyingi. Akaweke unga kaburini kwa mama yake, basi, arudi. Mimi napita kama mfanyakazi, ila yeye darajani wanasema mpaka aandikwe kwenye orodha ya kiongozi mwenye leseni. Si ndiyo wewe?"

"Tutaona," Severini alisema.

Aliona wiki tatu. Alhamisi moja ya Agosti, Theopista, mama yake Hilari, alichoka kungoja akaja mwenyewe kwa bodaboda, amevaa kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ameshika kikombe cha unga kilichofunikwa kwa leso. Aliwakuta Severini, Hilari na wageni sita wamesimama darajani wakikaguliwa.

Mlima ulipiga mawe yake ukaanza kushuka. Ulifika usawa wa paa la kanisa, haukusimama. Ulishuka hadi usawa wa mtu, hadi wa goti, mpaka kilele kikalala sawa na maji na nyasi zake zikagusa ukingo. Kila mtu aliona kutoka huku: mafiga matatu, jiwe la kusagia lililochimbika katikati, na makaburi sita ya mawe. Mawe hayakugongana mara tatu tatu tena. Yalipiga mfululizo, na mgeni mmoja alifungua mwavuli akidhani ni mvua.

Theopista alijishika kwenye nguzo ya daraja akachuchumaa polepole, akapiga makofi. "Mama, nimekuja," alisema. "Nipo hapa darajani, wananiandika."

Askari alimgeukia Severini. "Kiongozi, huyu mama yumo kwenye orodha yako?"

Orodha ilikuwa na majina sita na mistari minne mitupu. Severini aliutazama mlima. Ungesimama pale usawa wa paa la kanisa, alijiambia siku nyingi baadaye, huenda angesema ndiyo. Lakini kuuona umelala kama jamvi kwa ajili ya mama aliyekuja na kikombe, roho ilimuuma asijue pa kuishika.

"Hayumo," alisema. "Simfahamu."

"Kaka," alisema Hilari.

"Mwanangu," Theopista alisema akiwa bado chini, "hata shikamoo hukunipa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, niandike."

"Kuna utaratibu, mama. Siyo mimi, ni utaratibu."

Wageni walivuka na Severini, wakatembea juu ya mlima bila kupanda chochote, wakapiga picha, wakala mayai na ndizi. Hilari alibaki huku na mama yake. Saa kumi wote walirudi na Theopista akapandishwa bodaboda. Mlima haukuinuka. Aliyesalimiwa alikuwa hajapita.

Haujainuka mpaka leo. Kampuni imebadilisha tangazo lake: safari ya Kasolwa sasa ni rahisi, inafaa wazee na watoto, na baiskeli zinapita moja kwa moja hadi upande wa pili. Wageni wameongezeka mara tatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa ramani walikuja wakapima, wakafuta namba ya urefu, wakaandika nyingine. Wanaouliza habari za mafiga wanaambiwa ni mawe ya asili. Severini amepandishwa cheo, na Hilari anafunga breki Mpanda, kwa kuwa hahitajiki tena kuvuka.

Kila Alhamisi, kifua kikimruhusu, Theopista huja. Askari si mtu mbaya. Humtolea kigoda chake, hufungua daftari, hupitisha kidole kwenye majina yote, hutikisa kichwa. Mama huchuchumaa hata hivyo, hupiga makofi, na unga hurudi nao nyumbani.

Severini hupita hapo na wageni wake. Humpa shikamoo kwa sauti, huitikiwa marahaba. Akifika ng'ambo huusikia mlima chini ya magurudumu ukihema, umechoka kukaa vile. Anajua kwamba jina moja likiandikwa, mama atapita, na mlima utainuka siku hiyohiyo. Lakini utakuwa umemwinukia mwingine. Bora ukae hivyohivyo, hujiambia, kisha hukanyaga pedali na kuwaambia wageni wamfuate.