Feni Haijanyamaza

Moshi ulimpokea fundi cherehani mlangoni, na kabla hajautua mfuko wa vidonge vya maranda, kuni za jiko lao, alimsikia mama yake akikohoa chumbani. Jumatatu daktari alikuwa amesema wazi: kifua hiki kikivuta moshi tena, tunamlaza. Leo ilikuwa Alhamisi.

Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko la kupasha nyumba joto. Plagi ilikuwa chini. Vidonge vilifuka nyuma ya kioo, feni kimya. Damu ilimchemka.

Jiko lile halizimwi kwa kung'oa waya. Unabonyeza kitufe, linaacha kujilisha, linamaliza kilichomo tumboni, na feni inavuma nusu saa nzima ikiutoa moshi kwa bomba. Ukilikatia umeme, moshi unarudi sebuleni. Alikwisha kumweleza mdogo wake, yule mpaka rangi wa nyumba, mara tatu. Hata ukutani aliandika kwa chaki yake ya kushonea. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mpaka rangi alitoka bafuni, taulo begani, rangi bado masikioni.

"Unataka kumuua mama?"

"Mimi tena? Nimefanya nini?"

"Umeng'oa waya! Eti feni inakuzuia kusikia mpira!"

"Dada, nilisema hivyo siku moja tu. Sijaugusa, haki ya Mungu."

"Usimtie Mungu kwenye moshi wako! Toka! Utarudi ukishajua kuzima jiko."

Mdogo wake alimtazama kama anayesubiri mzaha uishe. Kisha akavaa shati juu ya mwili uliolowa, akatoka kwenye baridi. Hata mlango hakuubamiza, na hilo lilimuudhi dada yake zaidi. Alifungua madirisha kwa vishindo, akiendelea kumtukana mtu ambaye hayupo.

"Unamfokea nani?" Mama alisimama mlangoni, shuka puani.

"Mwanao, mpumbavu yule!"

"Waya nimeng'oa mimi."

Fundi cherehani aliliachia dirisha.

"Nilibonyeza ulivyonionyesha," mama alisema, "likaendelea kunguruma. Nami nakwenda kulala. Kitu kinawaka, nikipe mgongo?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mama. Tangu pasi ilipounguza nyumba yao ya kwanza, wanawe hawakutoka chumbani bila kuulizwa, "Umeng'oa?" Mpaka leo wateja walimcheka fundi huyu, anavyofunga duka kisha anarudi mara mbili kuitazama soketi. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Na katika watu wote, yeye alimshuku mdogo wake.

"Mbona hukusema nilipokuwa namfukuza?"

"Nilikuwa nakohoa."

Hasira ilibaki palepale, haina pa kwenda. Alimkasirikia mama, akalikasirikia jiko, akaikasirikia pasi iliyokwisha kufa miaka thelathini iliyopita, na kuliko vyote ulimi wake mwenyewe. Alirudisha plagi, feni ikaanza kuvuma, akamkalisha mama dirishani. Akampigia mdogo wake. Simu ikaita bafuni.

"Mfuate," mama alisema. "Hajavaa hata koti."

"Nikikupa mgongo, utang'oa."

Mama aliitazama soketi.

Basi wakakaa, mwana ameushika mkono wa mama asiuachie, wakingoja feni inyamaze. Koti la mpaka rangi lilining'inia msumarini, mbele ya macho yao.