Nyuma ya Kadi

Kabla watu hawajaanza kumwita Bwana Makombe, alikuwa muuza mbao, na muuza mbao wa kweli, si wale wa kukuuzia ubao mbichi leo ukakupindia kesho. Duka lake lilikuwa na uwanja kwa nyuma, magogo upande mmoja, mashine ya kupasulia upande wa pili, na karibu na mlango meza ndefu alipokaa mkewe na sanduku la kadi. Kila shehena iliyoingia ilikuwa na kadi yake. Mbele iliandikwa aina ya mbao, vipimo na tarehe. Nyuma ziliandikwa kasoro: fundo hapa, ufa pale, matundu ya wadudu kule mwisho. Mteja alionyeshwa mbele. Nyuma ilikuwa siri ya nyumba. Utaratibu huo aliutunga yeye mwenyewe, na mfanyakazi aliyesahau alipigiwa kelele mpaka barabarani: "Geuza kadi, bwana! Umesoma nusu!"

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Kadi, hakupigiwa kelele hata siku moja. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umenyooka, na hakuna ufa uliompita.

Kilichomtoa muuza mbao dukani ni mnyoo. Siku moja aliletewa magogo yaliyokuwa yamelazwa majini bandarini miezi kadhaa. Kwa nje yalikuwa yanapendeza. Mashine ilipopasua la kwanza, ndani palikuwa mashimo matupu, na kila shimo limepakwa chokaa laini, na ndani ya chokaa amelala mnyoo mweupe mrefu. Mtu mwingine angetukana akaishia hapo. Yeye alitukana vizuri sana, halafu akamtia mnyoo mmoja kwenye glasi ya chai akamkodolea macho asubuhi nzima, wateja wakisubiri. Mwisho akambeba kwa jirani yake, mwalimu wa sayansi. Mwalimu akamwonyesha vibamba viwili vyeupe kichwani mwa yule mdudu, vidogo kama kucha za mtoto mchanga.

"Huyu si mnyoo, mzee. Hili ndilo kombe lake. Huyu ni ndugu na chaza."

"Chaza ndiye anakula mbao zangu?"

"Tuseme binamu yake."

Basi, hapo ndipo alipopotea. Mwaka wa kwanza alinunua lenzi na kitabu kimoja. Mwaka wa pili vitabu vitano, na duka likaanza kufungwa kila maji yalipokupwa. Mwaka wa tatu akamkabidhi mdogo wake funguo za duka, akasema anapumzika, akawa hapumziki hata kidogo. Vijana wa mtaani wakamtania kwamba ana makombe mengi kuliko timu yoyote ya mpira, na jina likamganda. Hakujali. Kuna watu hupata akili uzeeni na kuna wanaopata wazimu, na yeye alipata vyote viwili kwa mkupuo, akawa na furaha ambayo dukani hakuwa nayo.

Bi Kadi alikwenda naye. Hawakujaliwa watoto, na nyumbani alibaki dada mkubwa wa mume, mjane, ambaye hakuona sababu ya mtu mzima kuvua viatu akafuate konokono. Pwani kazi ilikuwa moja kila siku. Mume anainama, anageuza jiwe, anatazama, analirudisha jiwe kama alivyolikuta. Mke amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mapajani ana kadi alizozikata kutoka kwenye zile tupu zilizosalia dukani.

"Kina cha goti," mume anaita. "Chini ya jiwe. Mchanga mweusi. Hai."

Mke anaandika. Jioni makombe yalioshwa, yakakaushwa, yakatiwa kwenye mabati ya biskuti na chupa za dawa, kila moja na kadi yake. Bi Kadi ndiye aliyefunika vifuniko, na jikoni hapakuwa tena na bati la kutilia biskuti.

Lile kombe dogo alilipata yeye, si mume. Lilikuwa limenasa kwenye upindo wa gauni lake, dogo kama punje ya mchele, lina mistari mitatu ya kahawia na mdomo uliokunjuka kwa nje. "Na hili je?" akauliza. Mume akatazama kwa lenzi, akapekua vitabu vyake vyote, hakuliona. Alinuna siku mbili kwa wivu. Siku ya tatu akalichora kwa makini, akaupeleka mchoro posta, uende makumbusho.

Ilipopita miaka miwili bila mchoro kujibiwa, Bi Kadi akalazwa. Kifua. Daktari aliinua picha kwenye mwanga, akaiangalia, akaishusha. "Mmechelewa, mzee wangu. Mngekuja miaka miwili nyuma tungesema mengine."

"Hajawahi kulalamika," mume akasema, na ilikuwa kweli. Wiki ya tatu akamzika.

Hakulia. Si kwamba alijikaza. Watu wanaojikaza huonekana. Yeye alikuwa amekufa ganzi, kuanzia kifuani mpaka kwenye vidole, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila mguu huamka. Alipokea pole, akashukuru, akauliza kama viti vimetosha. Dada yake akamvuta pembeni.

"Mdogo wangu, hata chozi la kusingizia? Watu wanakutazama."

"Halipo, dada."

"Umeishi na magogo mpaka umekuwa gogo."

Hata hilo halikumchoma. Aliona ni neno la haki tu.

Kitu pekee alichoweza kufanya ni kile alichokijua. Kulikuwa na mbao ngumu, nyekundu iliyoiva, alizozificha darini mwa duka miaka mingi, hazijawahi kuonyeshwa mteja. Akazitoa. Akamwita fundi wake wa zamani, wakatengeneza kabati la droo arobaini. Droo zilibana kiasi kwamba ukiisukuma moja ndani, ya chini yake inajitokeza kwa upepo. Fundi akasema hajawahi kufanya kazi kama ile na hatafanya tena. Mzee akayahamisha makombe yote kutoka kwenye mabati, moja moja, akaweka kadi chini ya kila kombe, upande wa mbele ukitazama juu. Mabati na chupa akampa mwokota vyuma. Aliona ni aibu mambo ya mkewe kulala kwenye bati la biskuti.

Kisha akalifunga kwa ufunguo na hakulifungua tena. Kila Jumamosi alilifuta vumbi, akalipaka mafuta, akanusa ile harufu kali ya mbao nzuri, akarudi kwenye kiti. Droo hakuzigusa. Angezifungua angeona ule mwandiko mdogo ulionyooka, na aliogopa kuutazama na bado asisikie kitu.

Ikapita miaka minne. Ndipo makumbusho, kwa ile haraka yao, wakajibu.

Barua ilikuwa fupi. Kombe lililochorwa halimo kwenye vitabu vyao wala vya wenzao. Wakiliona lenyewe, na likiwa ni lile wanalolidhani, litapewa jina jipya, na aliyeliokota ana haki ya kupendekeza. Mzee akaisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Hakufurahi, asidanganye mtu. Lakini alitaka kitu, na tangu mazishi hakuwa ametaka chochote, hata chumvi kwenye chakula. Alitaka jina la mkewe lipigwe chapa kwenye kitabu, chini ya kombe lile, lisomwe na watu wasiomjua.

"Watakuja lini?" dada yake akauliza.

"Alhamisi."

"Basi kanyoe ndevu."

Alhamisi akaja mtaalamu, mama wa makamo mwenye mkoba wa vibano na lenzi, mchangamfu, akashika kabati kwa mikono miwili kabla hata hajaketi. "Mzee wangu, kazi gani hii!" Mzee akazungusha ufunguo. Lile kombe dogo lilikuwa droo ya kumi na saba, kona ya kulia. Akaivuta.

Ikatoka harufu ya siki. Mtaalamu aliacha kutabasamu kabla ya mzee kuona chochote.

Juu ya kadi palikuwa na unga mweupe, kijiko cha chumvi hakijai. Mtaalamu akainama na kibano, akagusa, na kile kilichokuwa bado na umbo la punje kikabomoka. Wakafungua droo ya kumi na nane. Ya tano. Ya thelathini. Makubwa yalikuwa yamesimama bado, yameota ukungu mweupe, rangi zote zimekwenda, na ukiyagusa yanabaki kwenye kidole. Madogo yalikuwa unga mtupu.

"Ni wadudu?" mzee akauliza.

"Si wadudu." Mama yule alizungumza polepole, kama anayetoa majibu ya hospitali. "Ni mbao, mzee wangu. Hizi mbao ngumu hutoa mvuke wa asidi, kidogo kidogo, miaka na miaka. Chumba kikiwa wazi hauna madhara. Droo ikibana hivi, unabaki mle ndani na makombe. Sisi tunatumia makabati ya chuma. Hapo mwanzo uliyaweka wapi?"

"Kwenye mabati ya biskuti."

Mtaalamu akakirudisha kibano mkobani.

Na mzee alijua. Hilo ndilo lililomkalia kichwani, bila uchungu, kama hesabu iliyokubali kulingana. Miaka thelathini aliwaambia wateja kwa mdomo wake: mbao ya aina hii inakula misumari, tumieni skrubu za shaba. Alijua inakula chuma, akalaza juu yake makombe, nayo ni chokaa, akafunga mlango akatia na kufuli.

"Jina je?" akauliza.

"Bila kombe lenyewe siwezi. Mchoro hautoshi. Mtu mwingine akiliokota siku moja, ndiye atakayelipa jina." Akamshika mkono. "Samahani sana, baba."

"Chai yako itapoa," mzee akasema. Alikuwa anatazama pembe za droo, jinsi fundi alivyoziunganisha, hazijaachia hata unywele.

Mlangoni yule mama akageuka. "Kadi usizitupe. Ukizikung'uta unga, zitatuambia nini kilikuwa kinaishi wapi, na mwaka gani. Nimeona kadi nyingi, lakini za huyu mwandishi wako ni safi."

"Alikuwa mke wangu."

Alipokwenda, mzee akabeba ile droo ya kumi na saba mpaka dirishani, kwenye jua la alasiri, akaanza kukung'uta. Kazi ni kazi. Alizipanga kwa tarehe, maana shehena hupangwa kwa tarehe. Kadi ya kwanza unga wake ulikuwa umegandia, akaigeuza aipige kwa nyuma, na nyuma kulikuwa na maandishi.

*Ncha imevunjika.*

Akaitazama. Bila shaka. Mbele mali, nyuma kasoro, angeandikaje vingine? Akageuza ya pili. *Mdomo umemeguka upande mmoja.* Ya tatu. *Tundu dogo la mdudu. Mume ana mafua, hasikii la mtu.* Akakaa vizuri kwenye kiti. *Rangi imefifia. Leo kanifokea kwa ajili ya ndoo. Kaomba radhi kabla maji hayajajaa.* Kadi kwa kadi, mwaka kwa mwaka, kasoro za makombe ambayo hayapo tena, na pembeni yake, kwa herufi ndogo zaidi, kasoro za siku.

Kisha, katikati ya droo: *Ufa mwembamba. Kifua kimenibana nilipoinama.* Na wiki mbili mbele: *Lina mchanga ndani. Kifua tena. Kaniuliza, nimesema ni njaa.*

Akaacha kukung'uta. Akawa anageuza tu.

Kadi ya kombe dogo ilikuwa ya mwisho kwenye droo ile. Mbele ilisema kina, mchanga, na aliyeokota: mimi. Tarehe ilikuwa miaka miwili na siku chache kabla ya ile picha kuinuliwa kwenye mwanga. Akaigeuza.

*Halina kasoro. Kasoro ninayo mimi, kifua, mwezi wa tatu sasa. Nikimwambia ataacha kuja huku, na huku ndiko anakofurahi. Nitamwambia msimu ukiisha.*

Dada yake alipoingia kuchukua vikombe alimkuta ameishika kadi kwa mikono miwili.

"Una nini? Ni yale makombe?"

"Sikugeuza."

"Hukugeuza nini?"

"Kadi, dada. Alikuwa ananiandikia. Zilikuwa mle kwenye mabati, nikazipanga mwenyewe kwa mkono wangu, moja moja, na sikugeuza hata moja."

Ikamtoka sauti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia kwake, hata utotoni. Iliuma, na alisikia inavyouma, kila mahali palipokuwa na ganzi. Dada mtu, aliyelidai chozi hilo miaka minne, sasa hakujua afanye nini nalo. Akaweka vikombe chini, akamshika kichwa akamwegemeza tumboni mwake.

"Basi, mdogo wangu. Basi, inatosha," akawa anasema, na kwa mkono mwingine akazisogeza kadi mbali naye, wino usije ukalowa.