Dume Mweupe wa Honoré

Walikuwa wameshaiacha Mugunga nyuma, wamejichanganya na watu, mbuzi na magodoro, wote wakielekea Goma mjini, ndipo Katungu alipogeuka akaona mumewe hayupo tena nyuma yake.

"Papa Vanessa! Eko wapi huyu mutu?"

Honoré alikuwa ameinama kando ya barabara, mikono yote miwili chini ya kifua cha bata mzinga wake, anajaribu kumwinua. Dume lenyewe lilikuwa jeupe pe, zito kama gunia la viazi lililojaa nusu, na lilikuwa limeketi kabisa. Pembeni, jike mweusi wa Katungu alisimama na kamba yake mguuni, anadonoa changarawe za volkano kama aliyeletwa matembezi.

"Amechoka," Honoré alisema.

"Amechoka na nini? Tumetoka hapo tu. Mimi nabeba sufuria, nabeba Biblia yako, nabeba mayai, na sijakaa."

Nyuma yao, upande wa Sake, bomu lililia. Dume alinyoosha shingo palepale alipoketi, akajibu kwa sauti yake yote, gulugulugulu, mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaruka kando.

"Yesu! Muzee, huyo dindon wako anajibizana na nani?"

Watu wawili watatu walicheka. Honoré hakucheka. Alimkumbatia mnyama wake, akamtia begani, wakaendelea.

Walikuwa wanakwenda Birere, kwa Dorine, mdogo wake Katungu, mwenye nyumba ya matofali. Yao ya Mugunga ilikuwa ya mbao, na tangu alfajiri mbao zilikuwa zinatetemeka. Ili kufika kwa Dorine iliwabidi kuupitia mji karibu wote kwa miguu.

Sasa, huyu Honoré alizaliwa Masisi, kwenye milima ya ng'ombe. Vita vya huko alivikimbia mara nyingi, na kila mara ng'ombe walikimbia pamoja naye, wakitembea kwa miguu yao wenyewe, yeye nyuma na fimbo. Mara ya mwisho tu ndipo walipoporwa wote. Alishuka Goma mikono mitupu, akaishi kwa biashara ya mkewe, mtu wa Butembo anayeuza maharagwe na ambaye hajawahi kukaa bure. Asubuhi Katungu akienda sokoni, Honoré alibaki anazunguka kiwanja chao cha mawe meusi, anahamisha jiwe hapa, analirudisha pale. Hakuna aliyemtukana. Lakini chakula cha mke, ukila miaka mingi bila kuleta kitu, kinakwama.

Binti yao Vanessa, anayeishi Kampala, ndiye aliyesema kwenye simu: papa, fuga dindon hapo nyumbani. Basi wakaenda Birere kwa Rodrigue, muuzaji wa ndege wa kufuga.

Rodrigue alikuwa na aina mbili. Weupe walikuwa wakubwa, kifua kama mto wa kulalia, wanakula chakula cha duka. Weusi walikuwa wadogo, wa kienyeji, wanajitafutia.

"Chukua weusi," Katungu alisema bila hata kuchuchumaa. "Nikitaka kukimbia namubeba chini ya mukono. Na huyu mweupe juu ya mawe yetu meusi, ataonekana mpaka Sake."

Lakini Honoré alikuwa ameshapiga magoti. Alimchunguza dume mweupe kama anavyochunguzwa fahali: alipapasa mgongo, akapima unene wa mguu, akafunua kope kutazama rangi ya ndani. Kule Masisi alikuwa ameona fahali mmoja mkubwa wa damu ya nje akipandishwa kwenye ng'ombe wadogo wa milimani, na ndama wakatoka wakubwa, na maziwa yakaongezeka. Hilo ndilo alilolijua duniani, na alilijua vizuri.

"Huyu dume, na jike mmoja mweusi," akasema. "Nitachanganya damu."

"Papa, nakwambia ukweli," Rodrigue alisema. "Huyo ni wa nyama. Haiko wa kuzaa. Uzito unamushinda."

"Dume ni dume, kijana. Mimi nimefuga kabla baba yako hajaoa."

Akampa jina Gitare, jina la fahali wake mweupe wa zamani. Kila asubuhi alimpeleka malishoni, yaani mpaka kwenye ukuta wa jirani na kurudi. Alimpigia mluzi. Katungu aliona Gitare akijaribu kumpanda yule jike, akiteleza, akianguka, akimng'oa manyoya ya mgongo. Siku moja alimwambia mumewe kwamba dume hawezi. Honoré akajibu, "Atajifunza." Katungu akachukua maharagwe yake, akaenda sokoni.

Jike akataga, akaanza kuatamia. Honoré akawa mtu mwingine. Alinyoa ndevu. Alikuwa ameshapanga wapi boma litajengwa, na nani atapewa vifaranga vya kwanza. Mayai yakianguliwa, ana kundi tena. Yasipoanguliwa, ni mzee anayehamisha mawe.

Kisha mabomu yakaja, jike akiwa bado juu ya mayai. Katungu ndiye aliyeyatoa kwenye kiota, akayafunga kwenye kitenge, akayaweka tumboni chini ya blauzi ili yasipoe. Hakuna aliyemtuma.

Basi walitembea. Honoré alimbeba Gitare begani, akamshusha, akamsukuma, akambeba tena. Chini, dume alipiga hatua chache, miguu ikapinda, akaketi, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka. Jike mweusi alitembea mbele na kamba yake imelegea.

Alipita mtu mmoja anayeitwa Chance, jirani yao wa Mugunga, anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

"Chance, ndugu yangu! Mubebe huyu mpaka Birere."

"Muzee, nimebeba mama yangu na mizigo ya majirani wawili. Nimushushe nani?"

Honoré alitazama chukudu. Yule bibi kizee juu ya mizigo alikuwa amefumba macho.

"Endeleeni," akasema.

Karibu na Katindo, kwenye kambi ya askari, risasi zilianza kulia karibu. Watu wote walijitupa nyuma ya ukuta mmoja wa mawe, wamelaliana. Lilianguka bomu. Gulugulugulu! Likaanguka jingine. Gulugulugulu!

"Munyamazishe!"

"Anatuitia mabomu!"

"Muzee, muchinje huyo ama umutupe kule barabarani!"

Honoré alimkunja Gitare chini ya koti lake. "Nyamaza, mutoto wangu," alimwambia. "Nyamaza basi." Bomu likalia, akahisi kifua cha mnyama kinajaa kujibu. Ndipo akamshika mdomo kwa kiganja, akaubana. Katungu, amejikunja juu ya mayai yake, alimwona akibana, na hakujua amwambie aachie au abane zaidi.

Risasi ziliendelea. Zilipotulia, watu wakanyanyuka mmoja mmoja wakipangusa vumbi. Honoré alifungua koti. Kichwa cha Gitare, ambacho siku zote kilikuwa chekundu, kilikuwa cha bluu, na kilianguka upande. Alimtikisa. Alimfunua kope, kama pale kwa Rodrigue, akaangalia ndani.

"Alikuwa anapumua kwa mdomo," akasema.

Katungu alimfunga kifungo cha koti. "Simama, Papa Vanessa. Mayai yanapoa."

Alisimama. Alimbeba dume wake mpaka Birere, na sasa hakuna aliyemcheka.

Kesho yake Dorine alimnyonyoa Gitare, wakamla kwa bugali pamoja na watu waliolala uani. Honoré alikula. Jike mweusi aliyakalia mayai ndani ya katoni mpaka muda ukapita. Katungu akayavunja nyuma ya choo, na yote yalikuwa maji, hata moja halikuwahi kupata mbegu. Rodrigue alifunga duka akavuka mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Mama yake Chance alifia kwenye chukudu kabla ya kufika mjini, na Chance sasa anabeba makaa. Nyumba ya Mugunga ilikutwa haina mabati wala mbao. Vanessa hupiga simu Jumapili. Katungu anauza maharagwe mlangoni kwa Dorine. Jike alipata dume mweusi wa jirani, akaangua vifaranga vidogo, vyeusi, vyenye mbio. Honoré hukaa kwenye kiti karibu navyo. Vikitoka uani, ni Katungu anayevirudisha.