Tanuri Lisilonguruma

Mfuniko wa birika uligonga gizani, tak-tak-tak; mama mkwe keshaamka. Mwokaji akambusu mwanawe aliyelala, akafunga aproni.

Leo ndiyo leo. Shangazi yake, mwenye kiwanda cha mikate, alikuwa amenunua tanuri la umeme ili waachane na lile la dizeli lililokuwa likitema moshi. Mwokaji ndiye aliyemshawishi, baada ya kusoma katika darasa la jioni jinsi viwanda vya chakula vinavyozidi kuipasha dunia joto. Lakini tangu hapo mikate ilikuwa ikitoka myeupe, imebonyea katikati.

"Ikitoka hivyo tena, narudisha dizeli," shangazi alisema jana. "Wateja hawali hewa safi."

Kiwandani, mkandaji waliyemwita Kipipa kwa ajili ya tumbo lake alishaingiza trei ya kwanza. Tanuri likakaa kimya. Lile la zamani lilikuwa likinguruma. Ukisikia mngurumo wake tu, ulijua kazi inaendelea. Hili halisemi kitu.

Mwokaji akashindwa kuvumilia. Akafungua mlango kidogo tu, achungulie. Joto likampiga usoni.

Kipipa akaangua kicheko. "Na wewe, dada? Mimi nimeshachungulia mara mbili! Na shangazi yako alifungua nilipokuwa nachota maji."

"Mbona natajwa?" Shangazi akadakia kutoka stoo. "Nilitaka kujua kama linawaka. Limenyamaza kama limenuna!"

Wakatazamana. Kumbe kila mmoja alikuwa akifungua kwa siri yake, na joto lote likikimbilia nje.

"Trei hii basi tena," mwokaji akasema. "Tuingize ya pili, na mlangoni nakaa mimi. Atakayegusa mpini huu, nampiga na mwiko."

"Hata mimi, mwanangu?"

"Hasa wewe, Shangazi. Niwie radhi mapema."

Kipipa akawa anazunguka kama mume aliye nje ya chumba cha uzazi. Shangazi akauma kucha. Hakuna aliyethubutu kusogea.

Kengele ilipolia, mwokaji akafungua. Mikate ilikuwa imejaa, ya kahawia, inametameta. Shangazi akamega mmoja, akatafuna polepole huku amefumba macho.

"Lile la dizeli," akasema, "kamwiteni mnunua vyuma chakavu."

Mwokaji akajibwaga juu ya gunia la unga, akashusha pumzi aliyoibana wiki nzima, akacheka mpaka machozi. Mama mkwe akamkuta hivyo hivyo, alipompitisha mtoto njiani kwenda chekechea.

Mtoto akaitazama trei, akameza mate.

"Mimi nataka kile kipande cha pembeni."