Maziwa ya Bi Sindano

Mlango wa saluni yangu unatazamana na wa Bi Sindano, fundi cherehani aliyeshonea nusu ya mtaa sare za shule. Kwake watu hawakauki. Mwezi uliopita aliteleza bafuni, kuteleza kidogo tu, kifundo cha mkono kikavunjika. Daktari akasema mifupa imepungua nguvu: atembee, ale vyakula vyenye kalsiamu, maziwa yakiwemo. Akivunjika tena, huenda cherehani akaiaga.

Basi mkwe wake, mke wa mwanawe anayeishi naye, akawa anamwachia nusu lita kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jioni anakuta chupa tupu, roho yake inatulia.

Jumamosi tulikuwa watano mkekani kwa Bi Sindano, tunakunywa chai, mkwe naye yupo. Mdomo wangu hauna breki, nikamwambia mkwe:

"Wifi, chai ya hapa siku hizi maziwa matupu! Mungu awazidishie."

Mkwe akageuka polepole. "Mama, unawapa maziwa yako?"

Bi Sindano akajifanya anatafuta pini.

"Mama, mkono huo ukivunjika tena utafanyaje? Ukikosa kushona siku mbili tu unaumwa!"

Wenzangu ghafla wakakumbuka wameacha sufuria jikoni. Mimi nikabaki. Moto niliuwasha mwenyewe, na isitoshe nilitaka kusikia.

"Nilijaribu, mwanangu," Bi Sindano akasema. "Nikinywa glasi moja tumbo linajaa kama puto, halafu linaanza hotuba. Mtu anamwambiaje mkwe wake mambo hayo? Na kumwaga nikaona ni dhambi."

Mkwe akaziba uso kwa viganja. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, machozi yapo pia.

"Mama, na mimi ni hivyo hivyo! Ndiyo maana nakula mtindi. Huo hausumbui."

"Na wewe mbona hukusema?"

"Ningemwambiaje mama mkwe?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Mkwe akaingia jikoni, akarudi na bakuli moja la mtindi na vijiko viwili. Bi Sindano akachukua kijiko kwa mkono ule ule uliovunjika. Mkwe akaukinga kwa chini na kiganja chake, bila kuugusa, mpaka kijiko kikafika mdomoni.

Wote watatu tukalisikiliza tumbo.

"Limelala," Bi Sindano akanong'ona. "Lete kingine."