Miadi ya Watu Watatu

Miadi ya kwanza ya kuvuka mpaka ilikuwa ya watu wawili, mama na mimi, tarehe kumi na nne Januari. Niliipata mwenyewe kwenye simu, kwa programu ya serikali ya Marekani, baada ya miezi saba ya kubonyeza kila asubuhi hapa kambini Tijuana, mpakani upande wa Mexico. Baba yuko ng'ambo, Fresno, Marekani. Nyumbani Michoacán waliotuchomea duka bado wapo. Simu ni kazi yangu, na naipenda kwa sababu haitaki niongee na mtu.

Mwezi wa kumi na mbili akazaliwa mdogo wangu, Nayeli.

"Huyu mbona hayumo?" Bi Remedios, mpishi wetu, akauliza. "Jina lisilo kwenye simu halivuki. Mtaniachia nimfundishe kukanda unga wa tortilla?"

Wakili huja kila Alhamisi. Ningemuuliza, lakini lazima usimame mbele ya watu arobaini useme kwa sauti. Sikusimama. Nikafuta ombi letu pamoja na miadi yake, nikaandika jipya, watu watatu. Picha ya Nayeli ilinitoa jasho maana simu ilitaka macho wazi, na yeye analala tu.

Kwa bahati safari hii tukapata upesi: tarehe ishirini na moja, saa saba mchana.

"Tumesogea siku saba tu, mama," nikamwambia.

"Siku saba si kitu, mwanangu."

Tarehe kumi na nne akavuka Delfina, jirani yetu wa kitanda cha juu. Mwanawe alizaliwa wiki moja na Nayeli, na kwenye simu hakuwemo. Alinitumia ujumbe wa sauti: "Mlangoni mwa mpaka walimwandika mtoto palepale, wala hawakuuliza mengi! Dakika mbili!" Nikausikiliza mara moja, nikaufuta.

Tarehe ishirini, huko ng'ambo serikali mpya ikaapishwa. Hata chakula cha mchana hakijaiva, simu ikaandika kwamba miadi yote imefutwa.

"Inasemaje?" mama akauliza.

"Imefutwa."

"Ya nani?"

"Ya wote."

Watu wakakaa juu ya mabegi yao. Wengine walilia, wengine waliendelea kubonyeza. Bi Remedios akagonga sufuria. "Njooni mle. Maharage hayana miadi."

Hiyo ni wiki tatu sasa. Begi letu bado limefungwa, tunachomoa nguo mojamoja kama wezi. Leo tulikuwa tunafua nepi, mama akasema, "Angalau hatukumwacha mtoto. Ulifanya vizuri."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia habari ya Delfina, yote, macho yangu kwenye ndoo.

Mama akakamua nepi, akaikung'uta, akaianika.

"Najua," akasema. "Delfina alimpigia simu Bi Remedios siku ileile aliyovuka."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja. Nimengoja simu, nimengoja serikali, nikakungoja na wewe. Nimechoka, binti yangu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Akanipa nepi nyingine. "Kesho Alhamisi. Utasimama wewe, utamuuliza wakili."

"Mama, mimi siwezi..."

"Utakaa ukishauliza."

Nimeliandika swali kwenye karatasi: bado kuna njia kwa watu watatu? Ni mstari mmoja tu. Nimemsomea Nayeli mara sita, na mara ya sita sauti imetoka kidogo. Yeye amelala.