Walii wa Juu ya Bati

Siku ya kumwoza binti yake Nusaiba, mzee Yahya wa Kiswere alishinda juu ya bati, kakumbatia mwanzi wa antena.

Haikupangwa hivyo. Bwana harusi, Jafari, alikuwa kazini Muscat, kanyimwa ruhusa, na wazee wakakubaliana ndoa ifungwe kwa video. Salumu, shemeji yake Yahya, akaleta ruta ya intaneti na antena ya nje kutoka Lindi mjini, akaifunga antena kwenye mwanzi, akausimika juu ya nyumba. Taa ya ruta ikawaka nyekundu. Akaielekeza antena Kitomanga, akaielekeza Kiranjeranje, nyekundu vilevile. Yahya akakereka, akapanda na kanzu yake mpya, akaukamata mwanzi autikise.

"Kijani!" wakapiga kelele ndani. "Usiachie!"

Akiachia, nyekundu. Akishika, kijani. Akapandishwa Salumu: nyekundu. Akapandishwa jirani mwenye umbo kama la Yahya, wakamvika na ile kanzu: nyekundu. Yahya akarudi juu na singlendi.

"Sheikh Mudathiri," mkewe Ziada akauliza, "walii wa bibi harusi akiwa juu ya paa, ndoa inaswihi?"

Sheikh akafikiri. "Sharti la walii ni awe na akili timamu."

Watu wote wakainua macho kumtazama Yahya.

"Ninazo!" akafoka kutoka juu.

Basi Sheikh akapanda ngazi na simu mkononi, mashahidi wawili nyuma yake, ngazi ikilia. Jafari akatokea kwenye kioo, kavaa kilemba, akashangaa kumwona baba mkwe na singlendi, mbingu nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sikiliza upesi, jua kali. Nimekuozesha binti yangu Nusaiba kwa mahari tuliyokubaliana."

"Nimekubali kumwoa."

Vigelegele vikalipuka chini. Yahya akataka kupangusa jasho. Picha ikakwama, Jafari mdomo wazi. Akaurudia mwanzi haraka.

Simu ikashushwa kwa bibi harusi. Wageni wakala, wakanawa, wakaaga. Ziada akapanda ngazi na sahani ya pilau, akawa anamlisha mumewe tonge kwa tonge.

"Waulize maharusi kama wamemaliza," Yahya akasema.

"Ndiyo kwanza wameanza."

Chumbani Nusaiba alikuwa anacheka, kicheko kirefu ambacho babaye hakuwahi kukisikia. Yahya akatafuna taratibu, akajiweka sawa kwenye bati la moto, akaushika mwanzi kwa mikono yote miwili.